Kati ya sumaku na msumari kuna nini? Kisa cha etha, kutoka Edinburgh hadi Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Spika ya redio ikifa mjini Musoma haitupwi nzima. Waya wa shaba huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na ile sumaku ya duara iliyo mgongoni huishia mikononi mwa watoto, ambao huifunga kamba na kuiburuta mchangani. Ikipita penye chembe nyeusi za chuma hutoka imezishika. Nazo hazilali ovyo: husimama wima, zikajipanga kwa mistari inayopinda kutoka uso mmoja wa sumaku kwenda wa pili. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia ujuzi huohuo kutenga mchanga mweusi na dhahabu.

Ukiinama ukatazama vizuri utaona jambo. Chembe huruka kabla hazijaguswa. Kati yake na sumaku hakuna kamba wala gundi. Basi ni nini kinachovuta?

Swali hilo liliwahangaisha wataalamu wa Ulaya kwa karne kadhaa, na jibu lao kubwa liliitwa etha: kitu chepesi, kisichoonekana, kilichodhaniwa kujaza ulimwengu wote na kubeba mwanga, umeme na sumaku. Karne ya 19 etha ilifundishwa vyuoni kama tunavyofundisha leo kwamba maji huchemka. Kisha ikaanguka. Sasa imerudi kupitia simu za mkononi: video zinasambazwa zikidai kwamba wanasayansi waliificha etha ili tusipate umeme wa bure, na kwamba gurudumu lenye sumaku chache linaweza kuwasha nyumba bila umeme wa kulipia wa LUKU.

Kabla ya kucheka au kuamini, inafaa kujua etha ilikuwa nini, kwa nini watu wenye akili nyingi waliikubali, na ni nini hasa kiliiangusha.

Walioogopa nafasi tupu

Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sumaku. Alionyesha kwamba dunia yenyewe ni sumaku, ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1644, alijaribu kueleza mvuto wenyewe. Alisema hakuna mahali patupu popote, na kwamba sumaku humimina vijichembe vyenye umbo la parafujo, ambavyo huingia kwenye vitundu vya chuma na kukisogeza.

Hata Isaac Newton, ambaye kanuni yake ya mvutano ya mwaka 1687 ilifanya kazi bila kutaja chochote cha katikati, aliandika baadaye kwamba ni upuuzi kudhani kitu kimoja kinaweza kukivuta kingine cha mbali pasipo kitu cha kupokezana.

Hoja ya etha ilipata nguvu zaidi mwanzoni mwa karne ya 19, Thomas Young wa Uingereza na Augustin Fresnel wa Ufaransa walipoonyesha kwamba mwanga hutenda kama wimbi. Kila wimbi lililojulikana lilikuwa na mbebaji wake. Wimbi la ziwa ni maji yanayopanda na kushuka, na sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa. Mwanga wa jua, unaosafiri kilomita milioni 150 kutufikia, lazima nao uwe mtikisiko wa kitu fulani. Kitu hicho kikaitwa etha.

Tatizo lilikuwepo tangu mwanzo. Fresnel aligundua kwamba mwanga hutikisika kwa upande, na mtikisiko wa namna hiyo huhitaji kitu kigumu, kwa kuwa hewa na maji havina ugumu wa kuubeba. Kwa hiyo etha ilitakiwa iwe ngumu kupita chuma, na papo hapo iwe laini kiasi kwamba dunia inapita ndani yake mwaka baada ya mwaka bila kupungua mwendo. Watu waliona kasoro hiyo, wakavumilia, kwa sababu hawakuwa na jibu jingine.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo wa umeme. Mwaka 1831, Michael Faraday wa London, aliyeanza maisha kama mfunga vitabu, alipitisha sumaku ndani ya koili ya waya na kupata mkondo wa umeme. Umeme na sumaku vikajulikana kuwa ndugu. Faraday, ambaye hakuwa na hisabati nyingi, alinyunyizia unga wa chuma kwenye karatasi juu ya sumaku, akaona mistari ileile wanayoiona watoto wa Musoma mchangani. Akasema nguvu ya sumaku haikai ndani ya chuma peke yake. Imeenea katika nafasi iliyokizunguka. Mwaka 1846 alithubutu hata kupendekeza kwamba mwanga ni mtikisiko wa mistari hiyo yenyewe, na huenda etha haihitajiki. Wachache walimsikiliza.

Mji mmoja, wanafunzi wawili

Mwaka uleule wa 1831, tarehe 13 Juni, James Clerk Maxwell alizaliwa Edinburgh, Uskoti. Alijiunga na chuo kikuu cha mji huo mwaka 1847. Karne moja baadaye, mwaka 1949, chuo hicho kilimpokea mwanafunzi kutoka Butiama ambaye alianza shule katika Shule ya Msingi Mwisenge, hapa Musoma: Julius Kambarage Nyerere. Alisoma historia, uchumi na falsafa, akahitimu mwaka 1952. Hakwenda kusoma fizikia, lakini alitembea mitaa ya mji uliomzaa mtu aliyeandika kanuni za umeme wote tunaoutumia.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1861 na 1862, Maxwell alijenga kichwani mwake mashine kamili ya etha. Alifikiria nafasi imejaa vifuko vidogo mno vinavyozunguka kuufuata mstari wa sumaku, na kati ya vifuko kuna vijigololi vinavyovifanya visikwaruzane. Vijigololi vikisogea, huo ndio mkondo wa umeme. Kisha akapiga hesabu: mtikisiko ukianzia upande mmoja wa mashine hiyo, utasafiri kwa kasi gani? Jibu lilikuwa karibu kilomita 310,000 kwa sekunde. Kipimo cha kasi ya mwanga kilichokuwepo wakati huo, cha Mfaransa Hippolyte Fizeau, kilikuwa kama kilomita 315,000. Maxwell akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku.

Hapa ndipo kisa cha etha kinapopata utamu. Vifuko na vigololi havikuwepo, wala havijawahi kuonekana. Lakini kanuni zilizotoka humo zilikuwa sahihi. Katika makala yake ya mwaka 1865 Maxwell aliiweka mashine kando akabaki na hesabu, kama fundi anayebomoa jukwaa la miti baada ya ukuta kusimama. Hata hivyo aliendelea kuamini kwamba etha ya aina fulani ipo, mpaka alipofariki dunia mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 48.

Miaka michache baadaye, Mjerumani Heinrich Hertz alizalisha mawimbi hayo maabarani na kuyanasa upande wa pili wa chumba. Kila redio iliyopo mkoani Mara leo, kuanzia Victoria FM ya Musoma hadi Mazingira FM ya Bunda, inasimama juu ya jaribio lile.

Radi ya Ziwa Victoria kama mwalimu

Mkazi wa kando ya ziwa ana maabara yake, na haina ada. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi hupiga usiku. Sababu yake ni ya kawaida: nchi kavu hupoa haraka jua likizama, maji hubaki na joto, upepo kutoka pande zote hukusanyika juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu ya dhoruba hujengeka. Wavuvi wa dagaa wanaoondoka Mwigobero au Kisiwa cha Rukuba wanazijua dhoruba hizo kuliko kitabu chochote.

Usiku wa namna hiyo, ukiwa ndani ya nyumba salama, washa redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati au mafupi, iache katikati ya stesheni mbili, kisha tazama dirishani. Mwanga wa radi ukimulika, redio hukwaruza papo hapo. Ngurumo huja baadaye. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, utapata takriban kilomita zilizopo kati yako na radi.

Radi moja, wajumbe watatu. Ngurumo inabebwa na hewa, nayo inakwenda mita kama 340 kwa sekunde. Mwanga na ule mkwaruzo wa redio ni mawimbi ya aina moja, ya umeme na sumaku, na hufika kwa kasi ileile ya kilomita karibu 300,000 kwa sekunde. Ngurumo haiwezi kutoka nje ya hewa, ilhali wimbi la umeme linaweza. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kunasa miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, miali iliyosafiri miaka mingi sana katika ombwe pasipo hewa kabisa.

Mtetezi wa etha wa karne ya 19 asingeshtushwa na habari hiyo. Angesema: hewa haipo huko, lakini etha ipo. Ndiyo sababu ubishi huu haukuweza kumalizwa kwa maneno. Ulihitaji kipimo.

Upepo ambao haukuvuma

Kipimo kilibuniwa na Mmarekani Albert Michelson. Ikiwa etha imetulia angani, na dunia inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, basi sisi sote tunapaswa kupigwa na upepo wa etha. Mwali wa mwanga unaokwenda na kurudi sambamba na upepo huo utachelewa kidogo kuliko mwali unaokwenda na kurudi umbali uleule kwa kuukata upepo.

Mwezi Julai 1887, Michelson na mwenzake Edward Morley walifanya jaribio hilo Cleveland, Ohio. Waliweka vioo juu ya bamba zito la jiwe lililoelea kwenye beseni la zebaki, madini yaleyale ambayo wachimbaji wadogo wa Buhemba hutumia kukamatia dhahabu. Zebaki ililiwezesha jiwe kuzunguka polepole bila mtikiso. Mwali mmoja uligawanywa sehemu mbili, nusu zake zikarushwa pande mbili zilizo mraba, zikarudishwa na kuunganishwa tena. Upepo wa etha ungekuwepo, michirizi ya mwanga kwenye darubini ingehama kadiri jiwe linavyozunguka.

Walitazama adhuhuri, wakatazama jioni. Mhamo walioupata haukufika hata sehemu moja ya ishirini ya ule waliotarajia.

Etha haikufa siku hiyo. George FitzGerald wa Ireland, na baadaye Hendrik Lorentz wa Uholanzi, walipendekeza kwamba vitu hufupika vinapopita katika etha, na kufupika huko kunauficha upepo kwa kiasi kilekile kinachotakiwa. Waliiokoa etha kwa kuifanya isiweze kugundulika kamwe.

Mwaka 1905, Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alichapisha makala iliyoanza na jambo dogo: sumaku na kipitishi cha umeme, tuseme koili. Ukiisogeza sumaku kuelekea koili, unapata mkondo. Ukiisogeza koili kuelekea sumaku, unapata mkondo uleule. Nadharia ya wakati huo ilitoa maelezo mawili tofauti, kwa kuwa iliuliza ni kipi hasa kinachosogea ndani ya etha. Einstein alisema swali hilo halina maana. Kinachojalisha ni mwendo wa kimoja kwa kingine, na kasi ya mwanga ni ileile kwa kila mpimaji. Etha, aliandika, inakuwa kitu kisichohitajika.

Umeme unaingiaje Bunda?

Kilichobaki baada ya etha kuondoka ni kile alichokihisi Faraday, ambacho wanafizikia wa Kiswahili hukiita uga. Uga wa sumaku au wa umeme hauhitaji kitu kingine cha kuubeba. Ni hali ya nafasi yenyewe, na una nishati yake.

Anayetaka ushahidi atazame transfoma juu ya nguzo mjini Bunda. Umeme huifikia kwa msongo wa volti 33,000 na hutoka ukiwa na volti 400 za njia tatu, au 230 kwa nyumba ya kawaida. Ndani ya lile pipa lenye mafuta kuna koili zilizosukwa kwa jozi kwenye chuma kimoja, na katika kila jozi shaba ya koili ya kwanza haigusi shaba ya pili. Umeme wote unaosaga mahindi na kuchomelea mageti umevuka pengo hilo kwa njia ya uga wa sumaku unaogeuka mbele na nyuma mara 50 kila sekunde.

Ni hivyo pia kwa umeme unaotoka mbali. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Elektroni za Rufiji hazisafiri kuja kijijini kwa aliyepewa heshima ya jina hilo. Kila moja hutikisika palepale ilipo kwenye waya wake. Kinachosafiri ni nishati, nayo hupita katika uga unaouzunguka waya. Mwingereza John Henry Poynting alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1884.

Hata ditekta ya kutafutia dhahabu inayopitishwa juu ya udongo wa Butiama hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Koili yake hutuma uga unaobadilikabadilika ardhini. Uga huo huamsha mkondo mdogo ndani ya kipande cha metali. Mkondo huo nao huzaa uga wake, na ditekta hulia. Hakuna hesabu ya fundi yeyote wa vyombo hivi inayotaja etha.

Etha ya kwenye simu

Wanaoirudisha etha wana hoja moja ya kweli, na ni haki kuisema. Fizikia ya leo haisemi kwamba nafasi tupu ni sifuri. Einstein mwenyewe, katika mhadhara wa mwaka 1920 mjini Leiden, alikubali kwamba nafasi yenye sifa zake inaweza kuitwa etha mtu akipenda. Lakini aliongeza kwamba etha hiyo haina sehemu unazoweza kuzifuatilia zikienda, wala haiwezi kusemwa kwamba inasogea. Si ile ya vigololi, na haitoi umeme wa bure.

Etha nyingine zote zinaangukia makapu mawili. Kapu la kwanza ni etha inayotabiri upepo. Hiyo imepimwa tena na tena. Mwaka 2009 majaribio ya leza nchini Ujerumani yalitafuta tofauti ya kasi ya mwanga kati ya upande na upande kwa usahihi wa sehemu moja katika namba yenye 1 na sifuri 17, na hayakuiona. Kapu la pili ni etha inayojificha kila inapopimwa. Hiyo haiwezi kukanushwa, lakini haiongezi kitu. Haimwambii fundi asuke koili kwa mizunguko mingapi, wala mvuvi yuko wapi ziwani. Ramani ya simu ya mvuvi hutegemea setilaiti ambazo saa zake hurekebishwa kwa kanuni za Einstein, kwa kuwa huzidi za ardhini kwa sehemu 38 kati ya milioni za sekunde kila siku. Bila marekebisho hayo, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku.

Gurudumu la sumaku la kwenye video lina mtihani rahisi zaidi. Liwekwe mezani, lifunguliwe mbele ya watu, lifungwe taa, kisha liachwe mwezi mzima chumba kikiwa kimefungwa kwa kufuli. Sumaku huvuta na kusukuma, lakini ikimaliza mzunguko hurudisha ilichotoa. Asiyekubali mtihani huo ana betri mahali fulani.

Mizani hiyohiyo inafaa kwa mengine tuliyozoea. Wengi wetu tulifundishwa kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu radi inapopiga. Radi haijali kioo wala rangi. Hufuata kilicho kirefu na njia nyepesi ya kufika ardhini. Kinachookoa ni kutoka ziwani mapema, kuukwepa mti uliosimama peke yake, kuingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, na kuhakikisha nyumba ina waya mzuri wa erthi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huokoa kuliko hirizi.

Shule zetu zina nafasi yao hapa. Jaribio la Faraday linahitaji sumaku, waya wa shaba kutoka mota iliyoungua na mita ya fundi. Shule ya kata isiyo na maabara kamili inaweza kulifanya darasani asubuhi moja, kabla wanafunzi hawajaamua kama wataendelea na fizikia au wataiacha. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kipo Butiama; wanafunzi na walimu wake wangeweza kulipeleka jaribio hilo katika shule zinazowazunguka.

Etha haikuangushwa kwa amri ya mkubwa wala kwa kura. Iliaminiwa na wakubwa wa sayansi wa zama zake, akiwemo Maxwell, na bado kipimo kiliishinda. Kwa hiyo ukiletewa maelezo mapya ya umeme, yawe ya etha au ya sumaku isiyochoka, usiulize aliyeyaleta ana shahada ngapi au wafuasi wangapi. Mwulize yanatabiri nini, na kipimo gani kikifanywa kitaonyesha kwamba si kweli. Akikosa jibu, hela yako ibaki mfukoni.